Kuuaga Mwaka kwa Wimbo

Kila tarehe 31 Desemba, kabla ya kengele ya ibada ya jioni, mimi huketi na daftari langu na kujihesabia mwaka. Mwaka jana nilipofika penye ugomvi wangu na mzee mmoja wa kanisa, naliandika sababu zangu saba, na za kwake hata moja. Je! mtu aweza kuwa mshtakiwa na mwamuzi katika baraza moja?

Basi jioni ile tuliimba wimbo wa mwaka mpya wa mchungaji Paul Gerhardt, uliopigwa chapa 1653. Vita vya miaka 30 vilipoanza, 1618, yeye alikuwa mtoto wa miaka 11. Vilipokwisha alikuwa na miaka 41. Walakini hajihesabii mwaka wake peke yake. Husema “sisi”, huwaombea walioachwa, wagonjwa, nao waliopotea njia.

Yule mzee alisimama benchi la mbele, akiimba kwa sauti yake nzito. Nami nitaimbaje “sisi”, hali nimemtoa yeye ndani yake? Koo langu likakauka. Wako wasemao ya kuwa nyimbo za ibada ni mazoea tu, midomo hutangulia na moyo hubaki nyuma. Ni kweli, nimeyaona, hata kwangu mwenyewe. Lakini usiku ule midomo ilitangulia, moyo ukalazimika kuifuata.

Nalimngojea mlangoni. Hatukusema mengi. Alinishika mkono, akauliza, “Mchungaji, yule mbuzi wako amekwisha kuzaa?”