Umeaminiwa Fedha za Watu

Mpwa wangu, hongera kwa cheo. Umeneja wa tawi si jambo dogo, na mama yako ana haki ya kutembea kifua mbele mtaani. Niliitwa nikuombee dua, na dua nimeomba. Sasa nivumilie kidogo. Haya nimewaambia wengi waliokutangulia katika kazi hii. Baadhi walisikiliza, baadhi walinipa chai huku wakitazama saa.

Kasha kuu la tawi lako lina funguo mbili, na hakuna anayeruhusiwa kuzishika zote. Aliyeweka kanuni hiyo hakuwaona wafanyakazi kuwa wezi. Alijua tu kwamba hata mtu mwema hubaki mwema kwa wepesi zaidi akiwa na mwenzake kando. Ajabu yetu sisi watu wa benki ni kwamba noti tunazifungia kwa funguo mbili, lakini habari za noti hizo tunamwachia mtu mmoja.

Ya mwaka 2015 unayakumbuka. Mkurugenzi mkuu wa Imperial Bank alifariki Septemba. Hata mwezi haukutimia, tarehe 13 Oktoba, Benki Kuu ya Kenya ikaiweka benki ile chini ya mrasimu, baada ya wajumbe wa bodi wenyewe kwenda kueleza kwamba mambo hayakuwa sawa. Kabla ya hapo wakaguzi walikuwa wakipita na bodi ilikuwa ikikutana. Hatifungani za shilingi bilioni 2 zilikuwa zimekwisha kununuliwa na watu. Bima ya amana wakati ule ilimkinga mwenye akaunti kwa shilingi 100,000 tu. Kiwango cha 500,000 tulicho nacho leo kilikuja mwaka 2020. Aliyeweka fedha za kujenga nyumba au za karo ya wanawe alibaki kusimama nje ya mlango uliofungwa.

Aprili 2016 ikawa zamu ya Chase Bank. Hesabu zilitolewa upya, mikopo ya watu wa ndani ikaonekana mikubwa kuliko ilivyosemwa kwanza, uvumi ukaenea kwenye simu, na watu wakakimbilia fedha zao. Mpaka leo wapo wanaolaumu simu. Mwanangu, mteja anayeambiwa ukweli kila mara huusikia uvumi akaja kukuuliza. Yule aliyezoea kufichwa haulizi. Anakuja na fomu ya kutoa fedha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wafu wa aina hii huzikwa na fedha za wengine.

Kwa hiyo, siku mkopo mkubwa utakapoanza kuchelewa, utajiwa na ushauri mtamu: mpe mkopaji mkopo mpya alipie wa zamani, ili hesabu za robo mwaka zipite salama. Usikubali. Waarifu makao makuu siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata kama aliyekopa ni rafiki wa mkubwa wako.

Usidhani kwamba kukiri ugonjwa ndiko kufa. Mwaka 1993 Equity Building Society ilikuwa imefilisika kwa hesabu; zaidi ya nusu ya mikopo yake haikuwa ikilipwa. Haikuinuliwa na kalenda wala fulana za kugawia wateja mwisho wa mwaka. Watu wake waliwageukia wakulima na wachuuzi ambao benki kubwa ziliwaona mzigo, wakawauliza wanataka nini, wakayafanyia kazi majibu. Mwisho wa 2004 ikawa benki kamili, na 2006 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi.

Nawe uliza. Ukimkopesha mvuvi wa Vanga, usimpangie marejesho yaleyale kila mwezi. Kusi ikivuma bahari huchafuka na mashua ndogo hukaa ufukweni, atalipa nini? Mpangie alipe zaidi wakati wa kaskazi. Kwa uamuzi huo mmoja umeikinga benki na hasara, na umempata mteja ambaye hatashawishika na jirani yako akimtajia riba ya chini kidogo.

Kisha uandike uamuzi huo, na sababu yake, katika faili la mvuvi. Ofisa wako akiubeba kichwani tu, siku atakapohamia benki ya ng'ambo ya barabara ataondoka na ujuzi, na mvuvi atamfuata. Mwenye tawi ni yule ambaye walio chini yake wanayajua anayoyajua.

Wala usijione shujaa kwa kutochukua likizo. Nimewaona mameneja wanaojisifu kwamba tawi haliendi bila wao, na kila ninapowasikia hunisisimka mwili. Ukifika wakati wako, nenda. Mwachie mwenzako kiti, mafaili na maswali yote. Akipata majibu bila kukupigia simu, nitajua kwamba nasaha zangu hazikwenda bure.