Waziri Akiamini, Hakimu Aulize Nini?

Sheria inapompa mtawala uwezo wa kumtia mtu kizuizini endapo ana sababu ya msingi ya kuamini kwamba mtu huyo ni hatari, ni nani mwenye haki ya kuipima sababu hiyo? Wengi hudhani hili ni suala la wanasheria peke yao. Kwa hakika ni suala la lugha na la utu pia, kwa kuwa lahusu tofauti iliyopo baina ya kuwapo kwa jambo na kudhaniwa kwamba lipo.

Uingereza ililikabili wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir John Anderson, aliamuru Robert Liversidge awekwe kizuizini chini ya Kanuni ya 18B, iliyomruhusu kumzuia mtu akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ana uhusiano na adui. Hapakuwa na mashtaka. Liversidge akaenda mahakamani kudai aelezwe sababu hizo. Novemba 1941, Malodi wanne kati ya watano waliamua kwamba neno la Waziri latosha: maadamu anaamini kwa nia njema, mahakama haina la kuuliza zaidi.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Adui alikuwa mlangoni, habari za siri haziwezi kuanikwa barazani, na Waziri alikuwa na Bunge la kumhoji. Lakini Lodi Atkin, peke yake, alikataa. Alisema kuvunjika kifundo cha mguu si sawa na kudhani kwamba kimevunjika. La kwanza tabibu aweza kulichungua; la pili hukaa kichwani mwa mwenye kudhani. Aidha polisi amkamataye mtu kwa shaka yenye msingi hutakiwa na mahakama auonyeshe msingi huo. Vipi maneno yale yale yageuke maana yatamkwapo kwa Waziri? Akamtaja hata kiumbe wa hadithi ya watoto ya Lewis Carroll, aliyejigamba kwamba neno humaanisha alitakalo yeye. Kejeli hiyo ilimchoma Lodi Maugham hata akaandika barua katika gazeti la The Times.

Atkin hakutaka mahakimu watawale. Kuchagua nani azuiwe kulibaki kazi ya Waziri. Alichodai ni kwamba msingi wa uchaguzi huo uwepo nje ya nafsi ya mwenye kuchagua. Mwaka 1979, katika kesi ya Rossminster, Lodi Diplock alikiri kwamba wale wanne walikosea, ingawa pengine kwa wakati ule walisameheka. Kungoja huko kulichukua miaka 38.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini haikuuliza habari ya msingi. Ilitosha Rais aridhike, na kifungu kingine kilikataza amri yake kuhojiwa mahakamani. Marekebisho ya 1985 yalimpa aliyezuiwa njia ya kuipinga. Mwalimu na aandike ubaoni maneno haya mawili, "ikiwa sababu ipo" na "ikiwa Rais ameridhika", kisha awaulize wanafunzi: mtu aliye gerezani, akipewa kalamu na karatasi, aweza kujibu lipi?