Kuchangia Maiti na Kumwacha Mgonjwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, afapo mtu katika miji yetu ya pwani, daftari hufunguliwa mara moja, na kabla ya siku ya tatu mchele na nyama ya hitima vimekwisha kununuliwa. Ndugu zetu wa bara nao ada yao ni hiyo. Basi twauliza: daftari hilo lilikuwa wapi maiti huyo alipokuwa mgonjwa?

Natutazame Nakuru. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa saratani katika Bonde la Ufa aliyehitaji matibabu ya mionzi katika hospitali ya serikali hakuwa na budi kwenda Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, akangojee zamu yake. Leo mionzi yapatikana Nakuru kwenyewe, na hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini tiba hiyo haimaliziki kwa siku moja. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi huenda akatakiwa kufika hospitalini siku 5 kila wiki, kwa wiki 5 au zaidi. Mkaazi wa Bondeni ataenda na kurudi kwake. Je, mke wa mchungaji wa Baringo au Samburu atalala wapi? Bima ya Afya ya Jamii, iliyoanza Oktoba 2024, humsaidia aliyejiandikisha katika gharama ya tiba. Haimpi nyumba mjini, wala nauli, wala chakula cha anayemuuguza. Asiye na kitu hurudi kwao, na ugonjwa ukazidi.

Mwenyezi Mungu, katika Suratut-Tawba, amewataja wanaostahiki zaka: wa mwanzo ni mafakiri na maskini, na wa mwisho ni msafiri aliyeishiwa. Mwislamu aliyekwama hivi kwa maradhi amezikusanya sifa hizo pamoja. Ama sadaka, mlango wake ni mpana zaidi, wala mgonjwa haulizwi dini yake.

Na alipokufa shahidi Jaafar bin Abi Talib, Mtume, S.A.W., aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula. Sisi tumeligeuza jambo: wafiwa ndio wapishi, na jirani ndio walaji!

Watasema, “Hii ni ada ya wazee.” Wazee hao hao waliweka wakfu visima na nyumba kwa ajili ya wageni. Mbona hilo hatuliigi?

Basi kila msikiti, wa Nakuru na wa Mombasa, ambako pia wagonjwa huja kutoka Kwale na Tana River, na uwe na daftari la wagonjwa, na chumba kimoja karibu na hospitali. Sufuria moja ya hitima yatosha nauli ya wengi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuamshe kabla hatujaitwa mazikoni. Amin.