Tawi Lisilogusa Udongo



Huko Ulaya kuna mmea usioota ardhini. Hushika juu ya matawi ya miti mingine, kama kirukia kishikavyo michungwa yetu, nao hubaki kijani hata wakati wa baridi kali, mti uubebao ukiwa umepukutisha majani yote. Matunda yake ni meupe, yenye utomvu wa kunata. Ndege huyala, hupangusa mdomo kwenye tawi jingine, na mbegu hunata papo hapo. Kwa utomvu huo Warumi walitengeneza ulimbo.

Wapagani wa Galia, ndiyo Ufaransa ya leo, hawakumfikiria ndege. Walisema mmea umeshuka kutoka mbinguni. Plinio Mzee, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza, asimulia jinsi makuhani wao, Wadruidi, walivyoutafuta juu ya mwaloni, ambako huonekana kwa nadra. Siku ya sita ya mwezi kuhani mwenye vazi jeupe alipanda mtini, akaukata kwa mundu wa dhahabu, na wenziwe wakaupokea kwa joho jeupe. Ndipo wakachinjwa fahali wawili weupe. Waliamini kwamba kinywaji chake huvunja kila sumu. Ole wao! Mmea wenyewe una sumu. Tena mahali pengine Plinio aandika kwamba mwanamke auchukuaye mwilini alidhaniwa kusaidiwa apate mimba.

Tusiwacheke upesi. Ni nyumba ngapi za Wakristo ambamo rozari imetundikwa ukutani, na hirizi imefichwa chini ya mto wa mama asiyepata mtoto? Huyo hupoteza fedha, na afya, na mwisho imani.

Je, basi Kanisa lilifyeka kila kilicho cha kale? Hasha. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Melito, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza: sanamu zivunjwe, bali mahekalu yatakaswe kwa maji ya baraka; na ng'ombe waliozoea kuchinjiwa mashetani wachinjwe siku ya sikukuu, watu wale na kumshukuru Mungu.

Waingereza hadi leo hulitundika tawi hilo nyumbani wakati wa Noeli, na wakutanao chini yake hubusiana. Zamani kila busu lilichumiwa tunda moja. Matunda yakiisha, na busu basi! Sioni dhambi hapo. Ila mimi napenda zaidi habari ya mji wa York, iliyoandikwa katika karne ya 18 na William Stukeley, mchunguzi wa mambo ya kale: kwamba mkesha wa Noeli tawi lilipelekwa hadi altare kuu ya kanisa kuu, kisha malangoni mwa mji msamaha ukatangazwa kwa watu wote, hata kwa waovu.