Yai, Chumvi na Macho Mekundu



Likizo iliyopita, baada ya sala ya jumuiya huku Ibadakuli, kijana mmoja alinivuta pembeni. Asubuhi ile alikuta yai limechorwa kwa mkaa, chumvi imemwagwa na manyoya ya kuku mbele ya kibanda chake cha chipsi. "Frateri, nipatie maji ya baraka." Nikamuuliza, ya nini? Akanyamaza, halafu akakiri kwamba alishapita kwa mtaalamu. Ameambiwa mbaya wake ni mwanamke wa ukoo, mtu mzima, mwenye macho mekundu. Hapo sasa nikaelewa. Alikuwa anamfikiria shangazi yake.

Kijana mwenzangu, tuanze na lile yai. Yai ni chakula. Chumvi ni kiungo. Kibuyu ni cha kuchotea maji, ufagio wa kufagilia, kuku wa kitoweo. Lakini kwetu Usukumani hakuna kitu cha nyumbani ambacho hakijawahi kutajwa kwenye mambo ya uchawi. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado ipo nchini kwetu, inapoeleza kifaa cha uchawi inaanza kwa kusema ni kitu chochote. Chochote! Kwa maana shida haianzii kwenye kitu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilitazama jambo hili katika Summa Theologiae. Anatufundisha tujiulize: je, kitu hiki kwa asili yake kinaweza kuleta matokeo hayo? Mwarobaini ni dawa, Mungu ameweka nguvu ndani yake, na kuutumia si dhambi. Chumvi inahifadhi samaki. Ila chumvi kwa asili yake haiwezi kufukuza wateja, wala yai haliwezi kumwonyesha mchimbaji wa Geita mwamba wenye dhahabu. Kama kitu hakina uwezo huo, basi kimegeuzwa kuwa ishara, na ishara huwa inapelekwa kwa mtu fulani. Kwa nani? Ndiyo maana Katekisimu (namba 2117) inakataa uchawi wote, hata ule wa "kujikinga tu," na inakataa kuvaa hirizi. Kanisa halisemi shetani hayupo. Linasema usimfungulie mlango, awe anaitwa lukago au bahati ya mgodini.

Na hapa tusijidanganye sisi tulio kanisani. Yule nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, watu wakapona. Baadaye Waisraeli wakaanza kumfukizia ubani, na mfalme Hezekia akamvunjavunja (2 Wafalme 18:4). Kitu kitakatifu kabisa kiligeuka sanamu! Rozari inayoning'inia kwenye bodaboda na haijawahi kusaliwa, ina tofauti gani na hirizi? Maji ya baraka hufanya kazi pamoja na sala ya Kanisa na moyo ulio tayari. Ukiyataka kama dawa kali kuliko ya mganga, umebadilisha chupa tu.

Jambo la kuogopa zaidi ni hili: mtu akishazoea kuona nguvu kwenye vitu, mwisho anaanza kuona kitu ndani ya mtu. Tumeyaona. Kuanzia mwaka 2007 hivi, ndugu zetu wenye ualbino Kanda ya Ziwa waliwindwa kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba viungo vyao vinaleta utajiri wa madini na samaki. Watoto wakakimbizwa nyumbani, wengine wakaletwa kuishi kituo cha Buhangija, hapa hapa Shinyanga. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Na bibi zetu wangapi wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu?

Turudi kwa yule kijana. Sikumpa maji. Nilimwambia tupite kwanza kwa shangazi. Tulimkuta jikoni, anapika ugali kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana kuni zimekuwa shida. Tulikaa mle ndani kama nusu saa, moshi umejaa. Tulipotoka, macho yetu sote watatu yalikuwa mekundu. Kijana akajifuta, akanitazama, akainamisha kichwa. Jumamosi alienda kuungama. Yai nani aliliweka, mpaka leo hatujui, na hatuhitaji ramli ya kutuambia.

Kwa hiyo wiki hii, mambo matatu. Kama una hirizi kiunoni, kwenye pochi au chini ya godoro, mpelekee padre, ukaungame. Wakristo wa Efeso walivichoma hadharani vitabu vyao vya uganga (Mdo 19:19). Ukisikia mtu ametajwa na ramli chonganishi, usikae kimya: waambie wazee wa jumuiya na uongozi wa mtaa mapema, kabla giza halijaingia. Na mtembelee bibi mmoja anayesemwa vibaya mtaani kwenu. Kaa jikoni kwake.

Ee Bwana Yesu, uliyechukua tope la kawaida ukampa kipofu kuona, fungua na macho yetu, tuone viumbe vyako kuwa zawadi, na jirani kuwa ndugu. Amina.