Simu kwa Spika

Msikilizaji, abiria wa mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni amezoea kubanwa. Kule kusukumana mlangoni saa moja asubuhi tunasameheana, kwa sababu nafasi ni ndogo na hakuna aliyeipunguza kusudi. Anayeongea na simu akiwa ameweka spika ni kesi nyingine: hilo amelichagua mwenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba anayesikia upande mmoja tu wa mazungumzo huvurugika umakini zaidi ya anayesikia pande zote mbili, kwani akili hubaki ikibahatisha yasiyosikika. Mtetezi wa spika atadaka hapo hapo: basi mimi nawapunguzia kero! Hoja yake si mbaya, ila imemsahau mtu mmoja, yule aliye upande wa pili. Yeye anadhani anazungumza na ndugu yake. Kumbe anaeleza deni la kikoba, au majibu ya hospitali, mbele ya basi zima. Hakuulizwa.

Wapo watakaosema daladala zina redio na konda hanyamazi, simu moja itaongeza nini? Lakini konda anataja vituo, jambo linalomhusu kila abiria, na redio unaweza kumwomba dereva aipunguze. Ukimwomba mwenye simu, mara nyingi atakujibu kwamba amelipa nauli. Amelipa kweli, sawasawa na yule aliyesimama ubavuni mwake.