Haki ya Baraza Zama za Maradhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu! Hapana mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa asiyeijua thamani ya baraza. Hapo ndipo tupatapo khabari za msiba na za harusi, ndipo wazee wasuluhishapo waliogombana, na ndipo kijana ajifunzapo adabu ya kunena mbele ya wakubwa wake. Mtu akikosekana siku mbili, siku ya tatu huenda kupigiwa hodi. Basi maradhi ya Korona yalipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, misikiti ikafungwa, na tarehe 6 Mei, nasi tumo katika Ramadhani, watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mji wa Kale hata mwanzo wa Juni, tulijiona kama tuliokatwa kiungo.

Na sisi tulikosea. Hatuna budi kulisema hili, kwani mwenye kuwausia watu huanza na nafsi yake. Misikiti ilipofungwa, baadhi yetu tulikutana ghorofani kwa darsa, watu zaidi ya kumi chumba kimoja, madirisha tumeyafunga sauti isisikike njiani. Tulidhani twaihifadhi dini. Baada ya siku chache mzee mmoja aliyekuwa akikaa ubavuni petu alishikwa na homa na kikohozi, wala hakuinuka tena. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ajali ni yake Mola, wala hatujui mzee yule aliyapata wapi. Hatusemi "lau" ya kuipinga kadari. Twajiuliza ili tusirudie: kwa nini hatukuyafungua yale madirisha? Kwa nini hatukungoja mpaka tukae nje, kila mtu mbali na mwenziwe?

Imepokewa katika Hadithi sahihi ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliwakataza sahaba kukaa njiani. Walipomwambia kuwa hawana budi na mabaraza yao ya mazungumzo, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tazameni hekima hii! Hakuivunja baraza, bali aliifungia sharti. Na zama za maradhi ya kuambukiza, sharti la kuzuia maudhi laingia hata katika pumzi zetu.

Kwani matabibu wametubainishia kwamba maradhi haya huenea zaidi kwa pumzi ya mgonjwa, anaposema, anapokohoa, hata anaposoma kwa sauti. Na huenda mtu akayachukua asijihisi kuwa mgonjwa. Katika chumba kilichofungwa pumzi hiyo hukaa hewani na kujikusanya; nje, upepo huitawanya. Kwa hivyo kukutana nje ni salama zaidi kuliko kukutana ndani. Lakini vichochoro vyetu ni vyembamba, na watu waliobanana bega kwa bega, wakinong'onezana masikioni, hawakingwi na mbingu iliyo juu yao.

Huenda mtu akasema: "Kujihadhari huku ni uchache wa kutawakali." Twamjibu: Je, wewe ni mwingi wa kutawakali kuliko Sayyidna Umar? Alipofika mpakani mwa Sham akapata khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Na katika tauni ile ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, imepokewa kuwa Amr bin al-As aliwaamuru watu watawanyike milimani. Hakuwaambia wafungiane nyumbani makundi makundi, wala wasongamane uwanjani. Aliwapeleka penye nafasi na upepo.

Basi yakija maradhi mengine ya namna hii, na serikali ikaruhusu watu kukutana, na tuyashike haya. Tuache vyumba, twende penye uwazi: Makadara, au Mama Ngina ufukweni, upepo wa bahari utupige. Tukae wachache, kwa nafasi ya kutosha, na penye watu wengi tuvae barakoa. Kila mtu aje na kikombe chake cha kahawa, kisizunguke kikombe kimoja vinywa vitano. Salamu iwe ya ulimi na mkono kifuani. Mwenye homa au kikohozi akae kwake, wala asione haya kupimwa. Kuficha maradhi ni kumdhulumu jirani. Na aliye na mzazi mkongwe nyumbani akumbuke kwamba akipatacho barazani chaweza kumfikia mzee kitandani.

Wala tusimwache mpweke kwa kisingizio cha hadhari. Asiyeweza kutoka na aamkiwe kutoka chini ya dirisha lake, apelekewe chakula mlangoni, aulizwe hali. Lililokatazwa ni kuambukizana, si kujuliana hali.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwisha kwa dharura ya Korona, na baraza zetu zimejaa tena. Twaomba Mola asitusahaulishe tuliyojifunza kwa machozi, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe watu ambao jirani husalimika na ndimi zao, mikono yao, na pumzi zao.

Wabillahi taufiq.